Ukipima kazi ya Walter Plowright kwa alama za Google, utapata nini?

Msanii wetu anapimwa kwa watazamaji wa YouTube. Mtu wa TikTok anapimwa kwa wafuasi. Kondakta wa matatu za Kitengela anapimwa kwa raundi alizopiga kabla gari halijalala. Wanasayansi nao, usidhani wameponyoka, wana kipimo chao. Na ukikielewa, utajua kwa nini daktari mmoja wa mifugo aliyefanya kazi Muguga miaka ya 1950 na 1960 amenikosesha usingizi wiki mbili hizi.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Mtafiti akimaliza kazi anaiandika na kuituma kwa jarida la kitaalamu. Wataalamu wenzake wanaikagua, ikipita inachapishwa. Baadaye mtafiti mwingine, awe Nairobi ama Tokyo, akiitumia kazi hiyo lazima aitaje mwishoni mwa makala yake. Kila kutajwa ni pointi. Ukiingia Google Scholar utaona pointi zote zimejumlishwa, ya kila makala na ya kila mwenye ukurasa wake pale.

Halafu kuna alama inayoitwa h. Hii ililetwa mwaka wa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ni hesabu rahisi hata kwa mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Ukiwa na makala 10 na kila moja imetajwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ukiwa na makala 40 zilizotajwa angalau mara 40 kila moja, h yako ni 40. Lakini ukiwa na makala moja tu iliyotajwa mara 5,000, na zingine zote hakuna aliyezigusa, h yako ni 1. Ndiyo, moja.

Ukiuliza rafiki yako anayesomea uzamili, atakwambia alama hizi si za mchezo. Zinaangaliwa mtu akitafuta kazi ya kufundisha chuoni, akitaka kupandishwa cheo, akiomba pesa za utafiti. Kwa hivyo swali langu kwako leo ni hili: je, hizo alama zinaweza kutuambia mtu alifanyia nini ng'ombe wa Kajiado?

Nitamchukua Walter Plowright kama mfano. Alizaliwa mwaka wa 1923 Holbeach, huko Lincolnshire, Uingereza. Akasomea udaktari wa mifugo London, akamaliza mwaka wa 1944, akaingia jeshini upande wa kutibu wanyama, na jeshi likamleta huku. Mwaka wa 1950 alirudi Kenya kama daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni. Alipitia Nigeria kidogo, halafu kuanzia 1956 akatulia Muguga, pale Kikuyu, kwenye maabara ya mifugo ya Afrika Mashariki. Siku hizi pale ni KALRO. Unaweza kupita barabara ya Naivasha mara mia moja bila kujua kwamba nyuma ya ile miti palifanyika kazi iliyobadilisha dunia. Mimi nimepita.

Angalia rekodi yake kwa muda mfupi tu. Mwaka wa 1957, yeye na R. D. Ferris walichapisha kwenye jarida la Nature makala fupi kuhusu kirusi cha sotoka kikikuzwa kwenye seli ndani ya maabara. Mwaka wa 1960, Nature tena, safari hii wakiwa watatu na Gordon Scott, kuhusu nyumbu. Mwaka wa 1962, yeye na Ferris wakatoa makala ya chanjo ya sotoka kwenye jarida la Research in Veterinary Science. Mwaka wa 1969 akarudi Nature na wenzake wawili, Parker na Peirce, kuhusu homa ya nguruwe na papasi. Virusi vitatu tofauti, wanyama watatu tofauti, mtu mmoja, maabara moja nje ya Nairobi. Kwa wasiojua, kuingia Nature ni kama timu ya mtaa kucheza Kasarani na kushinda.

Nianze na nyumbu, kwa sababu hiyo ndiyo ya kwetu.

Kama wewe ni wa Kitengela ya leo, ya magorofa na ploti za hamsini kwa mia, huenda hujawahi kumwona nyumbu ila kwenye noti ya picha za watalii. Lakini nchi hii yote kutoka mpaka wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, kuvuka Noonkopir, Kisaju, Isinya, mpaka nyanda za Kaputiei, ilikuwa ni ya nyumbu kuja kuzaa. Mvua fupi zikishanyesha, kati ya Januari na Machi hivi, majike wanazaa karibu kwa pamoja, maelfu ya ndama ndani ya wiki chache. Na hapo ndipo ng'ombe wa Mmaasai wanaanza kufa.

Ugonjwa wenyewe ni mbaya kuangalia. Ng'ombe anashikwa na homa kali, macho yanafunga ukungu mweupe, kamasi nzito zinatiririka, tezi zinavimba, anaacha kula. Karibu kila anayeugua anakufa. Hana dawa. Cha ajabu, ng'ombe mgonjwa hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Kirusi kinatoka kwa nyumbu, kinaingia kwa ng'ombe na kuishia hapo. Na nyumbu mwenyewe hana habari, anakula nyasi zake akiwa mzima kabisa. Wamaasai humwita nyumbu oingat, wakiwa wengi ni ingati, na mara nyingi ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina hilo la mnyama. Hakukuwa na haja ya kutafuta jina lingine. Kila mtu alijua ulikotoka.

Hiyo sentensi ya mwisho irudie polepole. Kila mtu alijua. Wafugaji walijua kabla ya mtu yeyote kuvaa koti jeupe Kabete. Sheria yao ilikuwa moja: nyumbu wakizaa, hamisha ng'ombe. Ondoka uwachie hizo nyanda kwa miezi miwili, mitatu. Lakini sasa fikiria gharama. Huo ndio msimu ambapo zile nyasi fupi za nyanda ni tamu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mfugaji anaziacha kwa nyumbu, yeye anapeleka mifugo vilimani kwenye nyasi ngumu na kupe, ng'ombe wanakonda, maziwa yanapungua. Wanaopoteza si wale tu ambao ng'ombe wao wamekufa. Hata aliyehama kwa wakati amepoteza.

Sayansi ilifika pole pole. Mwaka wa 1923 Mettam alionyesha Afrika Kusini kwamba unaweza kumtoa nyumbu damu na kumpa ng'ombe ugonjwa. Mwaka wa 1936 Daubney na Hudson wa Kabete wakaandika majaribio yao ya kuambukiza. Kisha 1960 ndiyo Plowright, Ferris na Scott wakakipata kirusi chenyewe kwa nyumbu, wakakikuza maabarani, na kuonyesha ni cha ukoo wa herpes, ule ukoo mpana unaojumuisha hata kinacholeta tetekuwanga kwa binadamu. Hapo ndipo maneno ya wazee yalipopata uthibitisho wa Nature.

Sasa niulize kitu. Katika makala hiyo ya 1960, nani angetajwa kwa kujua kwamba nyumbu anaua ng'ombe? Mfumo wa kutajana unahesabu kilichochapishwa tu. Mzee wa Kaputiei aliyehamisha ng'ombe wake kila Januari maisha yake yote hana ukurasa Google Scholar. h yake ni sufuri. Sisemi Plowright aliiba kitu, maana kujua kwamba nyumbu analeta ugonjwa na kukipata kirusi ni kazi mbili tofauti, na ya pili inataka maabara. Ninasema tu kipimo chetu kina jicho moja.

Na wazee nao hawakuwa sahihi kwa kila kitu, tuongee ukweli. Wengi waliamini sumu iko kwenye kondo la nyuma, ile ngozi na maji yanayobaki uwanjani jike akizaa. Ni fikra yenye akili, kwa sababu wakati na mahali vinalingana kabisa. Lakini mwaka wa 1980, E. Z. Mushi pamoja na Karstad na Jessett walichapisha kwamba kirusi kinapatikana kwenye machozi na kamasi za ndama wa nyumbu. Mwaka uliofuata Mushi, Rurangirwa na Karstad wakafuatilia jinsi ndama wanavyokimwaga. Mwaka wa 1983 Rossiter na wenzake wakaangalia kondo lenyewe na kuona silo chanzo. Kumbe ni pua na macho ya yule ndama mdogo, katika miezi yake mitatu ya kwanza hivi, ndiyo yanachafua nyasi. Akikua anaacha kumwaga kirusi kwa wingi. Kwa hivyo ile miezi ambayo wafugaji walikuwa wanakaa mbali ililingana na sayansi vizuri sana, hata kama sababu waliyotoa ilikuwa nyingine.

Umeyaona hayo majina, Mushi na Rurangirwa? Yaweke akilini. Ukitafuta habari za ugonjwa huu leo utaambiwa habari za Plowright kwanza, na ni haki yake. Lakini jibu la swali ambalo mfugaji alikuwa anauliza, yaani ni nini hasa kwenye hiyo nyasi kinaua ng'ombe wangu, lina majina ya Waafrika Mashariki mbele kabisa.

Twende kwa sotoka, maana hiyo ndiyo ilimpa jina.

Vijana wengi wa rika langu hawajui sotoka ni nini, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Hiki kilikuwa kirusi, binamu wa surua, kilichoua ng'ombe kwa kuharisha na vidonda vya mdomo. Kiliingia pembe ya Afrika mwaka wa 1887 kupitia Massawa, Eritrea, na ndani ya miaka kumi kilikuwa kimefika Afrika Kusini. Wamaasai wanaukumbuka wakati ule kwa neno Emutai, kumalizwa. Sotoka, ndui na njaa vilifuatana. Ng'ombe walikufa karibu wote, na watu wakafuata. Waingereza walipokuja kugawa ardhi, walikuta nchi ambayo ilikuwa imetoka kupigwa namna hiyo. Hata historia ya mipaka ya Kajiado huwezi kuielewa bila kile kirusi.

Chanjo zilikuwepo kabla ya Plowright. Moja ilitengenezwa kwa kupitisha kirusi kwenye mbuzi, nyingine kwenye sungura. Zilifanya kazi, lakini ya mbuzi iliweza kumwangusha ng'ombe wa aina dhaifu. Plowright na Ferris walichukua aina ya kirusi inayoitwa Kabete O, iliyokuwa imetunzwa Kabete tangu mwanzoni mwa karne, wakaikuza kwenye seli za figo za ndama. Wakatoa kizazi kimoja, wakakipandikiza kwenye seli mpya. Wakarudia, na kurudia tena, zaidi ya mara 90. Kufikia huko kirusi kilikuwa kimesahau kuua lakini bado kinaufundisha mwili wa ng'ombe kujilinda. Dozi moja, kinga ya maisha, bei ya chini, na salama kwa ng'ombe wa kila aina. Njia ya kukuza virusi kwenye seli hawakuibuni wao, ilikuwa imewapa Enders, Weller na Robbins wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka wa 1954 kwa kazi ya polio. Wao waliileta Muguga na kuitumia kwa ng'ombe.

Kuanzia 1962 kampeni kubwa ya chanjo ilienda nchi baada ya nchi Afrika. Ilisimama, sotoka ikarudi, ikaanza upya miaka ya 1980. Tatizo moja la chanjo ya Plowright lilikuwa joto, bila barafu iliharibika. Karibu na 1990 Jeffrey Mariner na wenzake wakaitengeneza upya kwa namna ya kuikausha, ikaweza kukaa nje ya friji kwa mwezi mmoja hivi. Ni ile ile ya Plowright ndani. Hapo ndipo wahudumu wa mifugo wa vijijini, watu wasio na digrii, walianza kuibeba kwa miguu mpaka sehemu ambazo gari la serikali halijawahi kufika. Mgonjwa wa mwisho kujulikana duniani alikuwa nyati, hapa hapa Kenya, Mbuga ya Meru, mwaka wa 2001. Mwaka wa 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imeisha. Ni ugonjwa wa pili kumalizwa duniani katika historia ya binadamu, baada ya ndui. Plowright alikuwa amefariki Februari 2010, akiwa na miaka 86. Alikosa tangazo kwa mwaka na kitu. Lakini mwaka wa 1999 alikuwa amepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, dola 250,000, na kabla ya hapo, mwaka wa 1981, alichaguliwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza.

Sasa rudi kwa alama. Makala ya 1962 imetajwa na watafiti wengi, hilo halina ubishi. Lakini ulinganishe na makala yoyote maarufu ya akili mnemba iliyotoka juzi, na utaona mzee wetu yuko nyuma sana. Sababu ni nini? Kwanza, enzi zile watafiti walikuwa wachache na majarida machache, kwa hivyo pointi za kugawana zilikuwa kidogo. Pili, kitu kikishakuwa maarifa ya kila mtu, hakuna anayemtaja mwenyewe tena. Nani anamtaja Newton akisema vitu huanguka? Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia jambo hili zamani, kwamba kazi inaweza kukubalika sana mpaka jina la mwenyewe linapotea ndani yake.

Na tatu, hii ndiyo inanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: ukimaliza ugonjwa, unamaliza pia watu wa kukutaja. Nani atapata pesa za kutafiti sotoka leo? Virusi vilivyobaki vimefungiwa kwenye maabara chache na kutafiti kwenyewe kunahitaji kibali cha kimataifa. Plowright aliua soko la makala zake mwenyewe. Mtu aliyeshindwa kutibu kitu na kuendelea kukiandikia miaka 40 anaweza kumpita kwa h bila shida yoyote.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama ile kazi ya 1969. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, na Montgomery, mwaka wa 1921. Nguruwe wa walowezi walikuwa wanakufa wote zizini huku ngiri wa porini wakipita wazima. Wahispania walionyesha mwaka wa 1963 kwamba papasi wa kwao anaweza kubeba kirusi hicho. Plowright, Parker na Peirce wakachimba kwenye mashimo ya wanyama Tanzania, mashimo ambayo ngiri hulala, wakapata papasi wenye kirusi ndani. Papasi unamjua, yule mdudu wa familia ya kupe anayejificha kwenye nyufa na kutoka usiku. Kwa hivyo kirusi kinaishi kati ya ngiri na papasi, na nguruwe wa kufuga ni mpita njia aliyeumia.

Hiyo makala ingelala tu kwenye rafu. Lakini ugonjwa ulifika Georgia mwaka wa 2007, ukaingia Urusi na Ulaya, na mwaka wa 2018 ukaingia China ambako nusu ya nguruwe wa dunia walikuwa wanaishi. Ghafla kila mtu anaandika kuhusu homa ya nguruwe, na watu wa Muguga wanatajwa upya. Kazi ni ile ile ya 1969, hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanaokufa ni nguruwe wa matajiri. Jirani yangu hapa Kitengela aliyepoteza nguruwe kumi na wawili ndani ya wiki moja hakuhitaji China ili ajue ni ugonjwa mbaya.

Kuna jambo lingine ambalo nimelisoma mara tatu ili niwe na uhakika nimelielewa. Chanjo ya sotoka ya ng'ombe iliwasaidia nyumbu. Namna gani? Sotoka ilikuwa inaua ndama wa nyumbu pia, na walikuwa wanaipata kutoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wakachanjwa, nyumbu wakapona bila kudungwa sindano hata moja. Serengeti ilikuwa na nyumbu kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Ule msafara wa Mara ambao watalii wanalipa maelfu kuutazama umetokana kwa sehemu kubwa na chanjo ya ng'ombe.

Halafu sasa fikiria mfugaji wa Kimaasai. Ameokolewa na sotoka, asante Plowright. Lakini nyumbu wameongezeka mara nne au tano, na kila jike linazaa ndama mwenye kirusi kile kingine, kile ambacho Plowright huyo huyo alikipata mwaka wa 1960. Mtu mmoja alifunga mlango mmoja na, bila kukusudia, akafungua mwingine, na milango yote miwili iko kwenye orodha ya makala zake. Ni alama gani itakuonyesha hilo?

Yeye mwenyewe aliliona. Alijaribu kutengeneza chanjo ya ugonjwa wa nyumbu pia, miaka kadhaa. Mwaka wa 1975, akiwa ameshahamia London kuwa profesa, yeye pamoja na Herniman, Jessett, Kalunda na Rampton walichapisha matokeo. Na kichwa cha makala kinasema wazi kabisa, bila kuficha, kwamba chanjo za kirusi kilichouawa zimeshindwa. Kushindwa, kwenye kichwa! Jaribu kumwonyesha hivyo mtu anayekuandalia wasifu wa LinkedIn.

Mimi naona hiyo ndiyo makala yake ya ujasiri kuliko zote, kushinda zile za Nature. Kwa sababu waliomfuata hawakupoteza miaka wakirudia njia ile. Na aina ya kirusi inayoitwa C500, iliyotolewa kwa ng'ombe mgonjwa wa Kenya enzi hizo za Plowright, ndiyo taasisi ya Moredun ya Scotland iliichukua baadaye ikiwa imedhoofishwa, hai lakini mpole, na kuitengenezea chanjo mpya. Ilijaribiwa Simanjiro, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kinga ya karibu asilimia 56. Ikajaribiwa tena kwenye shamba la ILRI la Kapiti, hapo tu ng'ambo yetu ukitoka Kaputiei kuingia Machakos, ng'ombe wakilishwa makusudi karibu na nyumbu wenye ndama. Matokeo ya 2019 yalikuwa kama asilimia 80. Ukiangalia orodha ya marejeo ya makala hizo, mzee yuko pale, pamoja na ile aliyoshindwa.

Sasa, Kitengela yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu wa nyanda hizi za Athi-Kaputiei walikuwa zaidi ya 20,000. Kufikia 2011 walikuwa wamebaki wachache sana. Hawakuuawa na kirusi. Waliuawa na seng'enge, machimbo ya mawe, barabara, viwanda, na ploti, pamoja na hiyo unayolipia polepole kwa chama. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua, ili wanyama wapite. Wewe piga hesabu, linganisha na bei ya ploti ya leo, halafu uniambie ungechagua nini ukiwa na watoto wa kusomesha. Na kumbuka huyo mwenye ardhi anaombwa kuacha wazi njia ya mnyama anayemuulia ng'ombe kila Januari. Kama kuna chanjo inayozuia hicho kifo, basi ombi lile linakuwa na uzito mwingine kabisa. Ndiyo maana naona kazi ya kirusi hiki inahusu hata mtu asiye na ng'ombe. Inahusu kama utawahi kumwonyesha mtoto wako nyumbu bila kumpeleka Mara.

Wengi wenu mtakaosoma hii mko kidato cha nne, ama chuo, ama mmekaa nje ya chuo kama mimi mkifikiria. Wale wa sayansi mtakutana na hizi alama mapema kuliko mnavyodhani. Wapo watafiti duniani waliochoka nazo. Mwaka wa 2012, kwenye mkutano wa San Francisco, walianza tamko la kuomba vyuo na wafadhili waache kumpima mtu kwa jina la jarida alilochapisha, na wengi wametia sahihi tangu hapo. Kutia sahihi ni rahisi, kubadilika ni kesi nyingine.

Kama unataka kujijazia, anza hivi. Fungua Google Scholar kwa simu yako, andika jina la Plowright na neno nyumbu kwa Kiingereza. Makala za zamani nyingi zinataka ulipie, lakini muhtasari unasomeka bure, na nyingine ukimwandikia mwandishi wake barua pepe atakutumia bila kukuuliza digrii yako iko wapi. Usiishie kwa jina la kwanza. Angalia la pili na la tatu. R. D. Ferris yuko kwenye makala ya 1957, ya 1960 na ya 1962, zile zote kubwa, na nimetafuta habari zake wiki mbili nikipata mistari michache tu. Ukipata zaidi, niandikie. Na kama babu yako ni wa Isinya, Kisaju ama Mashuuru na alikuwa akihamisha ng'ombe nyumbu wakizaa, muulize alikuwa anajuaje siku ya kurudi, halafu uiandike mahali.